Nilivyomtafsiri Rabbit mpaka akaeleweka Ngarenaro

Mara ya kwanza nilipoionyesha 8 Mile kibandani, watu kumi na mmoja walisimama katikati ya filamu wakadai kiingilio chao. Kilikuwa shilingi 200. Mzee mwenye kibanda aliwarudishia mmoja mmoja, kisha akanigeukia akasema, "Chalii yangu, hiyo elfu mbili na mia mbili iko kwako."

Ilikuwa mwaka 2006, Ngarenaro, Arusha. Kibanda umiza cha kawaida: mabati, mabenchi, magunia mlangoni ya kuzuia mwanga, televisheni ya inchi 21 na deki ambayo haikusoma diski mpaka ipigwe kofi ubavuni. Mimi nilishika maiki, natafsiri papo hapo. Siku zile mikanda iliyotafsiriwa na Lufufu ilikuwa inatamba, na mzee aliona badala ya kuinunua kila wiki, afadhali amtumie kijana wa kidato cha nne mwenye Kiingereza cha kuungaunga. Filamu za ngumi hazikunitoa jasho. Mtu akikimbia unasema anakimbia, akipigwa unaongeza chumvi.

Filamu za rapu nilizing'ang'ania mimi mwenyewe, maana mtaa mzima tulikuwa tunachana, kila mmoja na daftari lake la mistari. Juice ya mwaka 1992 ilipita bila shida. Tupac yumo, bastola imo, marafiki wanne wa Harlem wanageukana. Hata ukinyamaza watu wanaelewa. Mzee naye alikuwa na yake. Aliwahi kuiona Beat Street, ile ya mwaka 1984, akarudi nyumbani akatandika katoni na kujizungusha juu yake kwa mgongo mpaka shati likachanika. Siku moja alijaribu kutuonyesha. Hilo tuliache.

8 Mile ilikuwa kesi nyingine. Ni habari za Detroit ya mwaka 1995: kijana wa kizungu, fukara, anaitwa Jimmy lakini wenzake wanamwita Rabbit, mchana yuko kiwandani anakokandamiza vyuma vya magari, usiku anakwenda kushindana kuchana na vijana weusi. Eminem ndiye anayemwigiza. Hakuna vita. Bastola inafyatuka mara moja, na aliyeishika anajipiga mwenyewe mguuni. Saa moja na dakika hamsini watu wanaongea.

Nikaanza kuharibu mapema kabisa. Rabbit anarudi kwa mama yake, nami nikatangaza kwenye maiki, "Anaishi na mama yake kwenye trela." Kwao trela ni nyumba ya watu wa hali ya chini, lakini Arusha yetu ni ya malori. Sauti ikatoka benchi la nyuma: "Kwani mama yake ni utingo?" Walicheka wote, na kwa nusu saa nzima kuna watu waliokuwa wanalisubiri hilo lori litokee.

Kwenye mashindano ndipo nilipozama kabisa. Raundi za mwanzo kila mchanaji ana sekunde 45. Mimi nilikuwa natafsiri mstari kwa mstari, neno kwa neno, kama mtihani wa Kiingereza. Mwenzangu akimaliza mstari wa nne, mimi bado niko wa kwanza natafuta kitenzi. Maneno yao ni mafupi, yetu yana silabi za kutosha kujaza daladala. Ukumbi wa Detroit unalipuka kwa kelele, kibanda changu kiko kimya, halafu mimi nachekesha peke yangu baada ya dakika nzima. Na pigo kubwa la fainali nililiua kwa mikono yangu. Rabbit anamuumbua mpinzani wake, Papa Doc, kwamba jina lake halisi ni Clarence, amesoma Cranbrook, shule ya kulipia, na wazazi wake wana ndoa nzuri. Nikatafsiri hivyo hivyo. Mzee mmoja wa makamo akaitikia, "Mungu awazidishie."

Nilimwomba mzee diski nikae nayo. Wiki mbili nilikaa mbele ya ile deki asubuhi kabla ya wateja, rimoti mkono mmoja, daftari mkono mwingine. Manukuu ya chini ya skrini yalikuwa ya ovyo, kwa hiyo nilikwenda kwenye kafe ya intaneti nikatafuta mistari, nikainakili kwa kalamu maana kuchapisha kulikuwa ghali. Nikapata tafsiri sahihi kabisa. Ilikuwa sahihi na ilikuwa imekufa.

Aliyeifufua ni mama ntilie wa jirani. Asubuhi moja nilikuwa nafanya mazoezi kwa sauti, akasimama mlangoni na mwiko wake.

"Nani anampasha nani humo?"

Nikamweleza: mama, kuna vijana wawili, wanasimama jukwaani, kila mmoja anamtolea mwenzake aibu zake hadharani, watu wakipiga kelele zaidi ndiye mshindi.

"Aa, kumbe ni TOT na Muungano!" Alikuwa na maana ya yale malumbano ya vikundi viwili vya taarabu vya miaka ya 1990, Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule, kanda zikigombewa. Halafu akaniuliza, "Sasa mbona wewe unatusomea kama risala ya mgeni rasmi?"

Nikacheka, lakini hakuwa anatania. Akasema mtu akipashwa, raha inakuja kwa sababu walioko ukumbini wanajua doa lake tangu nyumbani. Kama hawalijui, hata fumbo liwe tamu vipi halitawashika. "Watu wako hawajui ya huyo kijana. Waambie mapema."

Kazi yote niliigeuza kuanzia hapo. Nikaacha kuitafsiri ile michano na nikaanza kuiandaa. Kila jambo baya linapompata Rabbit katika filamu, nililitaja kwa kifupi na kuongeza, "Wekeni akiba hiyo." Anaganda jukwaani mwanzoni, hatoi hata neno: wekeni akiba. Mama yake anapewa notisi ya kuhamishwa: akiba. Rafiki anajipiga risasi, kundi linamvamia na kumpiga, msichana anamsaliti: akiba, akiba, akiba. Trela nililiita banda la mabati la kwa mama, basi, lori likaondoka. Barabara yenyewe ya 8 Mile, ambayo ni mpaka wa kaskazini wa Detroit, weusi wengi huku, wazungu wengi kule, nilisema ni kama kuvuka kutoka Ngarenaro kwenda Uzunguni. Hakuna aliyeuliza swali.

Clarence alinisumbua siku tatu. Detroit kusoma shule nzuri ni kashfa kwa mtu anayejifanya mgumu, kwetu ni sababu ya kuchinja mbuzi. Mpaka nilipomkumbuka kijana mmoja wa Njiro aliyekuwa akishuka mtaani kwetu Jumamosi, suruali imening'inia, anachechemea kama aliyewahi kupigwa risasi, na saa kumi na moja jioni gari la nyumbani linamfuata. Mtoto wa geti kali! Maneno manne tu. Yanamaliza ada, ndoa ya wazazi na hilo jina la Clarence.

Matusi nayo. 8 Mile ina matusi kuliko mazungumzo, na spika yetu moja ilikuwa nje kuvutia wateja, karibu na akina mama wa mboga. Kila tusi la nguoni nililibadilisha kuwa "mbwa koko wewe" au "mwana hizaya". Vijana walilalamika. Akina mama hawakulalamika, na ndio waliokuwa wanapeleka malalamiko kwa mjumbe.

Ikabaki fainali. Sauti ya Rabbit sikuweza kuiondoa na kuacha biti. Lakini mle ndani kuna zawadi: mwishoni biti inakata, naye anaendelea kuchana mkavu. Nikaamua hapo ndipo nitakapozima sauti ya televisheni niingie mimi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Saleh Jabir alichukua biti ya Ice Ice Baby akaijaza Kiswahili chake, na hakuna aliyemdai tafsiri. Nikaandika mistari yangu, vina vikikutana, chalii mmoja akagonga benchi kwa ngumi.

Tuliirudisha Jumapili, saa kumi. Mzee aliweka kibao kwa chaki: KAMA HUKUELEWA MARA YA KWANZA. Walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye makreti. Ilipofika ile fainali, Rabbit akaanza kujitaja madoa yake mwenyewe, moja baada ya jingine, na watu wakawa wanayahesabu kabla yangu. "La mama!" "La risasi!" "La demu!" Nikazima sauti.

"Nyumba ya bati si yangu, bado nala kwa mama,
siri nimezimwaga zote, sasa utabaki umesimama."

Kisha Papa Doc anakabidhiwa maiki na hana la kusema, maana yote aliyoyapanga yameshasemwa. Nami nikanyamaza. Nikaielekeza maiki yangu kwenye skrini, kama namsubiri ajibu. Hakuna kelele nilizowahi kuzisikia mle ndani kama zile, hata siku ya Rambo. Mama ntilie, aliyeingia bure, alikuwa anapiga kifuniko cha sufuria.

Filamu haikuishia hapo. Rabbit ameshinda, rafiki yake anamtaka abaki waongoze mashindano pamoja, naye anaaga na kuondoka peke yake kwenye uchochoro.

"Hajapewa hata hela?" mtu akauliza.

"Hajapewa."

"Sasa anakwenda wapi?"

"Anarudi kiwandani. Zamu yake haijaisha."

Wengine waliguna. Mbele kulia kulikuwa na mlinzi wa duka moja la mjini, mteja wetu wa kila Jumapili. Akasimama, akavaa koti lake, akaokota rungu chini ya benchi.

"Basi na mimi saa zangu zimefika," akasema, akainua gunia akatoka.