Askari wa Ufufuko: nta imekubali kutoka, maua yako chini yake

Maua yametoka! Pembeni mwa goti la askari kuna duara la nukta nyeupe likizunguka nukta nyekundu, juu ya kijani kilichokaribia kuwa cheusi. Mkusanyaji yeyote wa alabasta za Nottingham, yaani michongo ya kidini ya jiwe la alabasta iliyotengenezwa England, anaijua nyasi hiyo.

Kipande chenyewe ni kona ya chini ya kibao cha mawe kilichochongwa Ufufuko wa Kristo, karne ya 15. Kibao kizima kingefika kama sentimita 40 kwenda juu; mimi ninayo ya kujaa kiganja tu: askari aliyelala, na unyayo wa Kristo ukimkanyaga ubavuni.

Kilichonitesa ni utando wa kahawia. Zamani mtu alikipaka nta, masizi yakanasa, akapaka tena juu yake. Mpaka penye mpasuko kumefunikwa, kwa hiyo kilivunjika kabla ya nta. Sheria ya mwaka 1550 iliyoamuru sanamu za makanisani England ziharibiwe hunijia kichwani kila nikikishika, ingawa nyundo haiachi saini.

Ingekuwa marimari ningeosha. Hii alabasta ni jasi: lita moja ya maji huyeyusha kama gramu 2, na ukucha tu unaikwaruza. Mate, ambayo mafundi wa kusafisha picha huyasifu sana, nayo ni maji. Asetoni niliijaribu ukingoni pasipo na rangi. Haikuniridhisha, nikaiweka mbali. Waiti spiriti, kile kiyeyushi cha rangi za mafuta, nilipoipitisha mara moja tu ikateleza juu ya nta kama mvua juu ya jani la mgomba. Nilichoka, nikakasirika, nikakifunika kwa kitambaa nisikione.

Dawa ilikuwa subira. Karatasi laini iliyoloweshwa waiti spiriti, eneo la ukubwa wa ukucha, plastiki juu isikauke, dirisha wazi. Nta ikalegea. Kisha pamba inaviringishwa, haisuguliwi, na ikishazunguka mara moja inatupwa.

Pamba za masikio za dukani sizitaki tena: ni nene, gundi yake inalainika, nyuzi zinabaki kwenye mikunjo ya vazi. Chukua kijiti cha mshikaki, zungushia pamba mwenyewe. Na ile hadubini ya kuunganisha na kompyuta ina picha inayochelewa. Unagusa jiwe kabla hujajiona ukigusa. Miwani ya kukuzia ya kuvaa kichwani, ya bei ya chini kabisa, inaishinda.

Wapo walioniambia ni plasta ya kumwagwa kwenye kalibu. Asidi haiamui ugomvi huo, maana plasta nayo ni jasi. Ila tochi nyuma ya ukingo mwembamba inapenya kwa rangi ya asali, viputo vya hewa hakuna, na mgongoni kuna alama za patasi na tundu lililojazwa madini ya risasi yaliyoshika kisiki cha waya, wa kufungia kibao kwenye fremu ya mbao.

Tundu hilo limeniharibia ratiba. Nilipanga kutengeneza stendi. Mbao imelala haijapigwa randa. Sasa nataka kuona migongo ya vibao vingine! Dkt. Hildburgh, mkusanyaji wa alabasta hizi, aliipa Victoria and Albert Museum ya London mkusanyo wake mwaka 1946, vibao kwa vibao, lakini vitabu vingi nilivyo navyo vinaonyesha nyuso tu. Nimeanza daftari: mchoro wa mgongo, umbali wa tundu kutoka ukingo wa chini, kina chake, waya umeelekea wapi. Ukurasa wa kwanza ni wa askari wangu. Wenye vipande, vigeuzeni, wekeni rula pembeni, mpige picha.