Kila Jimbo Linyimwe Kitu: Nilivyopanga Ufalme wa Kubuni na Nyumba Zake

Nilipoanza kupanga ufalme kwa ajili ya riwaya, sikuanza na jina la mfalme wala nembo ya nyumba yoyote, yaani ukoo unaotawala. Ukurasa wa kwanza wa daftari niliandika vitu vitano: maji ya kunywa, nafaka, chumvi, mbao, njia. Kisha nikachora majimbo sita, na kila jimbo nikalinyima viwili kati ya hivyo vitano. Ndoa, vita, madeni na usaliti wa sura zilizofuata vilitoka humo. Jimbo lililojaliwa kila kitu halina sababu ya kumwandikia jirani barua, na nyumba inayolitawala haina la kufanya ila kukaa.

Anayeishi Lamu haendi mbali kutafuta mfano. Maji matamu ya mji huu yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela. Mvua hunywewa na mchanga, maji yake yakakaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi, na visima vikayachota. Ukichota kupita kiasi, chumvi inapanda. Ng'ambo ya mkondo, kisiwa cha Manda kina ardhi tele na maji haba; mji wake wa Takwa uliachwa katika karne ya 17, na visima kuingia chumvi ni mojawapo ya sababu zinazotajwa. Sasa chukulia vilima vya mchanga viko mikononi mwa nyumba moja, na mashamba ya ng'ambo mikononi mwa nyingine. Hadithi ipo tayari kabla hujabuni mtu hata mmoja.

Ramani niliichora kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja ukiwa mwendo wa siku moja wa mtu na punda aliyebeba mzigo, yaani kilomita 30 hivi. Ufalme wote ni miraba 14 kwa 10. Rasimu ya kwanza ilikuwa na urefu wa miraba 40, nayo haikufaa: mwinyi, yaani bwana wa jimbo, wa mpakani angeasi, habari zingemfikia mfalme baada ya siku 40, na jeshi lingechukua zaidi ya hizo kwenda kumzima. Mfalme wa namna hiyo ana cheo tu. Ukitaka ufalme mpana hivyo, upitishe bahari au mto mkubwa katikati yake, au wawepo viumbe wa ajabu wa kubeba barua, na hapo mwenye viumbe hao ndiye mtawala wa kweli.

Nilichora pwani kwanza, kisha milima, kisha mito, na mipaka mwisho kabisa. Mito huungana ikishuka. Haigawanyiki ila inapokaribia bahari, kama Tana inavyofanya kabla ya kumwaga maji Kipini. Mpaka wa jimbo usipitishwe mtoni kila mara. Watu wa kingo mbili huvuka, huoana na huuziana, kwa hiyo mara nyingi mto ndio moyo wa jimbo, na kinachotenga majimbo ni nyika isiyo na maji.

Kwa safari za baharini, jedwali moja la siku halitoshi. Nilitengeneza safu mbili, moja ya upepo wa kaskazi na moja ya upepo wa kusi. Kaskazi, tangu mwisho wa mwaka hadi Machi hivi, husukuma vyombo kushuka na pwani kuelekea kusini. Kusi, kuanzia Aprili, huvirudisha juu. Bandari mbili zikiwa mbali kwa siku tano msimu mmoja, msimu wa pili zinaweza kuwa mbali kwa siku kumi na mbili, au zisifikike kabisa bahari inapochafuka kusi ikiwa kali. Maana yake kila nyumba ya pwani ina miezi ya nguvu na miezi ya unyonge, na adui mwenye akili anaijua kalenda hiyo.

Baada ya ramani nilihesabu watu, na hapa ndipo wengi wanaruka. Jimbo langu la tatu lina miraba sita, kila mraba kilomita za eneo 900, jumla 5,400. Nikasema robo yake inalimika: 1,350. Nikaweka watu 40 kwa kila kilomita ya eneo inayolimwa, nikapata 54,000. Askari wa kudumu ni mmoja katika kila mia, yaani 540. Mbiu ikipigwa, watano katika kila mia, yaani 2,700, na hao hawakai zaidi ya siku 40. Siku 40 nilizichukua Uingereza ya zama za kati, ambako ndiyo iliyokuwa desturi ya utumishi wa vita kwa mwenye ardhi aliyekula kiapo. Kikomo hicho ni hazina kwa mwandishi: ngome ikishikilia siku 41, jeshi linaanza kwenda kuvuna.

Watu 2,700 wakila kilo moja ya nafaka kwa siku, siku 40 ni kilo 108,000. Punda mmoja anabeba kilo 60 hivi, kwa hiyo unahitaji mizigo 1,800 ya punda, na punda nao wanakula. Majahazi matatu ya tani 50 yanabeba chakula chote hicho na nafasi ikabaki. Hesabu hii moja ilinionyesha kwa nini nyumba ya bara yenye askari wengi inaweza kunyenyekea mbele ya nyumba ya pwani yenye askari mia mbili na vyombo.

Utajiri sikuupima kwa dhahabu. Japani ya mamwinyi iliupima kwa koku, kiasi cha mchele wa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima, kama kilo 150. Aliyefikisha koku 10,000 ndiye aliyehesabiwa daimyo, yaani mwinyi mkubwa. Nami nikabuni kipimo changu, kinywa: chakula cha mtu mmoja kwa mwaka. Watu sita wa jimbo la tatu wakishakula, wanabakiza kinywa kimoja, kwa hiyo nyumba inayotawala inapokea vinywa 9,000. Askari 540 na watu wao, watano kila kaya, wanakula 2,700. Wahunzi, maseremala, makarani na watumishi 3,000. Zinabaki 3,300 za kuuza au kuweka ghalani. Mvua ikikosekana na ziada ikashuka nusu, zinakuja 4,500 mahali palipohitajika 5,700. Pengo la vinywa 1,200 lazima lizibwe: wapunguzwe askari, au likopwe kwa jirani mwenye ghala. Nyumba hii ilikopa. Miaka minne baadaye ilishindwa kulipa, na binti wa nyumba akaolewa na mwana wa mdai. Sikuibuni ndoa hiyo, hesabu iliileta.

Kosa jingine la kawaida ni kupaka kila jimbo rangi moja, kana kwamba mwenye nyumba anamiliki kila kitu ndani ya mpaka. Haki zinapishana. Ethiopia ya kale ilitenganisha rist na gult: rist ni haki ya ukoo kushika ardhi na kuirithisha, gult ni haki ya mkubwa kukusanya ushuru juu ya ardhi hiyohiyo. Mwenye gult anaweza kunyang'anywa na mfalme kesho, na mkulima mwenye rist akabaki palepale. Katika ramani yangu nilitumia karatasi mbili za kupitisha mwanga, moja ya nani analima, nyingine ya nani anatoza. Zilipolala juu ya ramani, sehemu zisizolingana zikawa kumi na moja. Nikachagua tatu za kuzungumzia na nyingine nikaziacha zipumue.

Nyumba moja niiweke mezani kama ilivyo daftarini, kwa sababu ndiyo iliyonifunza zaidi.

Nyumba ya Kipwa. Makao: ngome ya matumbawe kwenye mdomo wa mkondo kati ya kisiwa na bara. Inacho: njia, chumvi, na mbao za mkoko tu. Haina: maji matamu, nafaka. Askari: 180. Mapato: ushuru wa vyombo. Inadaiwa: nafaka ya miaka miwili. Inamdai mfalme: kura moja barazani, iliyoahidiwa na babu yake mfalme.

Mkondo wenyewe niliufuatisha Mkanda, kati ya Manda na bara, ambao vyombo vya kwenda kisiwa cha Pate huusubiri ujae. Maji hujaa mara mbili kwa siku na saa husogea kwa dakika 50 hivi kila siku. Niliamua mkondo wa Kipwa uwe unapitika saa mbili kabla ya maji kujaa na saa mbili baada yake, na usiku usipitike. Siku za bamvua maji hujaa sana, na jahazi lililoshiba mzigo linapita. Siku za maji mafu kina hakitoshi, na vyombo vikubwa vinalala nje siku tatu nne vikisubiri. Nguvu ya nyumba hii basi inapanda na kushuka na mwezi. Anayetaka kuizingira bila kuiachia nafasi ya msaada mzito kutoka baharini, anakuja maji mafu yanapoanza. Na mwenye kupigana ufukweni lazima ajue maji yanatoka saa ngapi: mapokezi ya vita vya Shela, karibu mwaka 1812, yanasema jeshi la Pate na washirika wao wa Mombasa lilishindwa na watu wa Lamu, likakimbilia majahazi, likayakuta yamekaa mchangani kwa kuwa maji yalishakupwa. Mwandishi asiyejua maji angeandika sura ile kwa ujasiri na mapanga tu.

Kuhusu majengo, acha vifaa viamue. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ni virefu na vyembamba, upana usiozidi mita tatu hivi, kwa sababu boriti ya mkoko inayobeba dari haiwezi kuvuka zaidi ya hapo. Nikakata shauri kwamba nyumba ya Kipwa haina ukumbi mpana wa karamu, maana haina mbao nyingine. Wageni hukaa kwa mstari, mwenyeji mwishoni, na aliye karibu naye anasikia asiyopaswa kusikia. Nyumba ya milimani, yenye misitu, ina ukumbi wa mita kumi, na mwinyi wa Kipwa akiingia humo kwa mara ya kwanza anaelewa bila kuambiwa.

Mji mkuu niliupa wikio, kile chumba kinachovuka juu ya kichochoro na kuunganisha nyumba mbili. Huku kwetu jadi ya nyumba ya mawe ni kumpa binti, mume akahamia kwake, na wikio likawaweka ndugu karibu bila kushuka barabarani. Katika ufalme wangu kila ndoa ya nyumba mbili kuu hujengewa wikio, na ndoa ikivunjika mlango wake huzibwa kwa mawe na chokaa. Mtu akipita chini akainua macho, anasoma siasa ya miaka themanini. Amua mapema kabisa, katika kila jimbo, nani huhamia kwa nani baada ya harusi, na nani hurithi: mkubwa peke yake, watoto wote kwa mafungu, au mtoto wa dada. Nililiacha swali hili hadi sura ya saba na ikabidi nivunje nasaba tatu.

Vinyongo navyo vinahitaji umri. Kila nyumba kuu nimeipa viwili tu: kimoja cha chini ya miaka ishirini, ambacho wahusika wako hai, na kimoja cha miaka mia au zaidi, ambacho kila upande unakisimulia kivyake. Kwa cha pili nilijifunza kutoka Malindi. Mwaka 1498 Mreno Vasco da Gama hakupokewa vizuri Mombasa, Malindi ikampokea na kumpa rubani. Karibu miaka mia baadaye, katika miaka ya 1590, Wareno waliposhika Mombasa na kuanza kujenga Ngome ya Yesu, mtawala wa Malindi alihamishiwa kwenye kiti cha Mombasa. Nyumba ndogo ilimshinda hasimu wake kwa mgongo wa mgeni, lakini mji wake wenyewe ukafifia baada ya wakubwa kuondoka. Ushindi unaomgharimu mtu nyumbani kwao ni bora kwa riwaya kuliko ushindi mtupu.

Majina na nembo vilikuja mwisho. Kila jimbo lina kanuni moja ya majina: pwani miji inaishia na -ni, milimani inaanza na U-, nyikani majina ni mafupi ya silabi mbili. Vyeo havifanani pia. Pwani yetu imekuwa na mwinyi, fumo, shaha, jumbe na diwani, kwa hiyo sikuona haja ya kuazima vya Ulaya. Nembo nimezitoa katika kile nyumba inacholinda: kata ya kuchotea maji, jicho la mtepe (chombo cha mbao zilizoshonwa kwa kamba), pishi la nafaka. Simba niliwaondoa wote wanne. Alama ya utawala ni baragumu moja ya kupulizwa kwa ubavu, kama siwa ya shaba ya Lamu na ile ya pembe ya Pate, na isipopulizwa, hakuna kutawazwa. Uchawi niliutendea kama chumvi: una mahali unapotoka, una bei, na kuna majimbo yasiyokuwa nao.

Kabla ya kuandika sura ya kwanza niliujaribu ufalme kwa penseli. Nilifunga mkondo wa Kipwa kwa mwezi mmoja kwenye ramani, nikaangalia nani analala njaa kwanza, nani anapandisha bei, nani anatuma askari. Kisha nikaufungua, nikafunga njia ya milimani, nikarudia. Nilikuwa na nyumba kuu tano na nyumba tegemezi kumi na nne. Nne kati ya hizo tegemezi hazikuguswa na lolote, njia yoyote ikifungwa. Nilizifuta kwa kifutio, na mashamba yao nikayapa majirani ambao tayari walikuwa wanayagombania.