Siku yangu moja: mkesha wa Krismasi Minnesota na ndizi za mtori zilizoganda

Saa 11 alfajiri

Alamu inalia, kabla hata sijawasha taa nashika simu kuona nyumbani wanasemaje, maana hapa Brooklyn Park, Minnesota ikiwa saa 11 alfajiri kule kwetu Marangu, Kilimanjaro, ni saa 8 mchana, majira haya ya baridi tunapishana masaa 9, yani mimi naamka wenzangu siku imeshawakolea. Grupu la familia limejaa picha. Mbuzi kafungwa chini ya mgomba, wadogo zangu wameshafika kutoka Dar na mabegi bado yako uani, afu kuna ya mama amekaa kwenye kigoda anamenya ndizi, beseni la maji mbele yake, vidole vyeusi kwa utomvu. Hiyo ya mama nimeiangalia sana. Leo ni tarehe 24 Desemba na kwetu Uchagani huu ndo mwezi wenyewe, mtu awe Dar, Mwanza, Songea, popote, Desemba anapanda kwao, na asipoonekana watu wanauliza ana shida gani.

Mwaka huu sikuweza kwenda, na leo nipo kazini ili kesho nzima niipate na wanangu. Ila mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi za kupondwa na nyama, nilisema lazima. Kesho kuna pilau, kuku na chapati, mtori ni wa leo usiku, ndivyo mama alivyokuwa anatupa mkesha wa Krismasi sisi tumezunguka moto na masweta, maana Marangu nako kuna baridi yake. Wanangu wawili wamezaliwa huku, mtori wa bibi yao wamekunywa mara moja tu, na mdogo alikuwa hajaanza kutembea.

Basi nikaenda gereji kuchukua ndizi nizilete ndani, na hapo ndo siku yangu ilipoharibika kabla haijaanza.

Nieleze kidogo. Nyumbani mtori mzuri ni wa mshare, aina ya ndizi za kupika. Huku mshare hakuna, tunatumia hizi hizi ndizi za kawaida zikiwa mbichi kabisa, na kuzipata mbichi ni kazi kwa sababu za supamaketi zinapigwa gesi ya kuivishia ghalani kabla hazijafika kwenye rafu, ukiona kijani leo keshokutwa ni njano. Mimi nazipata kwenye duka moja la Wamexico, ngumu, kijani mpaka kwenye kikonyo. Nilinunua siku 3 kabla, ila ndani hita inawaka mchana na usiku nikaona zinaanza kubadilika rangi, kwa hiyo jana usiku nikazitoa nikaziweka gereji, gereji yetu wakati wa baridi ndo friji ya pili, soda, maziwa, sufuria ya supu, vyote vinakaa huko. Sasa usiku baridi ikashuka mpaka nyuzi 4 za Farenhaiti, kwa Selsiasi ni hasi 15 na ushee, na ndizi nilikuwa nimeziweka karibu na lile lango kubwa. Nilivyoshika ya kwanza ilikuwa jiwe. Nikaigonga kwenye shelfu ikalia ko ko ko. Zote hivyo hivyo, kilo kama 4, na maganda yameshaanza kupiga weusi.

Jamani nilitamani kulia. Wazo la kwanza lilikuwa kuzimwaga kwenye sinki niziwekee maji ya moto ziyeyuke, ila muda ulikuwa unakimbia nikaziacha pale pale nikaenda kuoga. Kumbe kule kukosa muda ndo kulikoniokoa.

Saa 12 kasoro robo

Mume wangu anaingia kutoka zamu ya usiku, mimi natoka, tunapishana mlangoni kama siku zote. Namwambia mifupa ya ng'ombe ipo kwenye friji, ndizi zimeganda, watoto wamelala. Akasema "pole mama, tutaona." Nakwangua barafu kwenye kioo cha gari kama dakika 10, injini inaunguruma, pua imekufa ganzi. Jua mwezi huu linachomoza karibu saa 2 asubuhi, kwa hiyo njia nzima ni giza, theluji pembeni na chumvi barabarani.

Saa 12 na nusu asubuhi

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, mimi ni msaidizi wa wauguzi, kuamsha, kuosha, kuvalisha, kulisha, kupeleka msalani, na asubuhi ya sikukuu ni nzito zaidi kwa sababu kila mzee anataka kupendeza, ndugu zake wanakuja. Nampenda mno bibi mmoja wa chumba cha mwisho, ana miaka 91, asili yake ni Norway kama watu wengi wa huku, Mlutheri kama sisi. Leo nilimvalisha sweta jekundu, nikamchana nywele, akaniambia fungua droo. Binti yake alimletea lefse jana. Lefse ni mkate wao wa viazi, wanasaga viazi vilivyochemshwa, siagi, krimu kidogo, unga, wanasukuma mwembamba kabisa kwa mti wenye mistari na kuchoma kwenye chuma kipana, wanageuza kwa fimbo ndefu nyembamba ili usichanike. Ukiangalia madoa yake ya kahawia utasema chapati. Akanipakia siagi na sukari kwa mkono unaotetemeka, akakunja, akasimama kunitazama mpaka nilipomaliza, si kusimama, alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, ila macho yalisimama. Akasema kwao walipokuwa wadogo mama yake alikuwa anaweka chakula cha Krismasi kibarazani, hakuna friji, baridi inatosha. Nikamwambia hata mimi, na ndizi zangu zimekufa huko. Akacheka akanishika mkono.

Saa 4 na nusu

Brek. Kule nyumbani ni saa 1 na nusu jioni, najua sasa hivi mama ameshapekecha mtori. Nimekaa na mwenzangu, dada mmoja Mkisii, huku kwetu Wakisii ni wengi mno, na hawa ndizi wanazijua, wao wanaita matoke. Namsimulia, nikamwambia nikifika ntaziyeyusha nione kama kuna zinazofaa.

Akaweka chini kijiko. "Wee! Usithubutu kuziyeyusha. Ukiziyeyusha zinakuwa nyeusi ndani na zinateleza kama sabuni, hizo utatupa zote. Zitoe kwa baridi zikiwa jiwe hivo hivo, uzimenye zikiwa zimeganda, uziangushe kwa supu inachemka. Unajua zile matoke za pakiti tunanunuanga kwa friza? Si huwa tunapika bila kuyeyusha? Ni kitu moja."

Kiukweli sikuwahi kuwaza. Akanieleza weusi unaingia pale barafu inapoyeyuka, ikiwa bado imeganda nyama ya ndizi inabaki nyeupe, na kwa vile mtori unapondwa hata ikilegea haina shida. Nikampigia binti yangu hapo hapo, ana miaka 14, nikamwambia asiguse ndizi kabisa, mlango wa gereji ubaki umefungwa, ila saa 7 abandike mifupa na nyama, maji yapite juu, kitunguu kimoja kizima, tangawizi, chumvi, moto ukichanganya apunguze, na atoe povu. "Povu lipi mama?" "Utaliona likija juu." Baada ya muda akanitumia picha ya povu kwenye kijiko, anauliza ndo hili? Ndo hilo mama.

Mchana nipite haraka, ulikuwa wa kuhudumia chakula, ndugu za wazee wanaingia na kutoka, kuna wazee wasiojiwa na mtu, hao tunakaa nao sisi.

Saa 8 na nusu mchana

Natoka. Maduka mengi leo yanafunga mapema ila mbuzi wa pilau la kesho sina wasiwasi naye, nanunua kwa Wasomali, wao sio sikukuu yao wapo wazi, na wanakukatia unavyotaka. Nikasema mbavu na paja, vipande vidogo vyenye mfupa. Nikaongeza hiliki na bizari nzima. Yule kaka wa buchani alinitakia sikukuu njema na akaniongezea kipande cha ini. Nikiwa foleni ya kulipa simu ikaanza kutetemeka mfululizo, saa 9 kamili, kumbe Tanzania imegonga saa 6 usiku. Heri ya Krismasi, heri ya Krismasi, sauti za kengele, mtu katuma video anaimba kapoteza sauti. Mimi bado ni jana yao.

Saa 10 kasoro jioni

Nafungua mlango nakutana na harufu ya supu, nilisimama na buti zangu kwenye zulia nikavuta pumzi tu. Binti kafanya vizuri mno, supu safi, nyama inaachia mfupa. Kitu cha kwanza huku kabla hujapika chochote cha maana, funga milango ya vyumba na ondoa makoti yote sebuleni, madirisha hayafunguliki kwenye baridi hii na koti la baridi likinywa kitunguu cha kukaanga utaenda nalo kazini mpaka Machi.

Ndizi sasa. Tulikuwa tunaleta 5-5 kutoka gereji ili zingine zisianze kuyeyuka. Nikapaka mafuta mikononi kama mama anavyofanya, utomvu ukiganda kwenye ngozi hautoki. Unashika ndizi, unaipitisha kwenye maji ya moto ya bomba kidogo tu, kama kuhesabu mpaka 20, ganda la nje linalegea ila ndani bado jiwe. Unakata ncha mbili, unachora kwa kisu kwenye ule ukingo wa mgongo, unaingiza ncha ya kisu chini ya ganda unalinyanyua, linatoka kipande kipande kama gome. Na ndani, nyeupe! Nyeupe yenye ukungu wa barafu juu yake. Binti akapiga kelele "mama it's fine," nikamwambia sema kwa Kiswahili, akasema "ziko nzima mama." Vidole vinauma kwa baridi, tukawa tunapokezana, mmoja anamenya mwingine anashika kikombe cha chai kupasha mikono. Zikiisha kumenywa zinaingia moja kwa moja kwenye supu inayotokota, supu inanyamaza kidogo kwa ule ubaridi, halafu inaanza tena.

Nje jua lilizama kama saa 10 na nusu na dakika 5 hivi, giza tii, watoto wa jirani bado wanateleza kwenye theluji na tochi. Wangu mdogo akaingia suruali imelowa mpaka magotini, anauliza mtori ndo nini. Ana miaka 6. Baba yake kaamka akamweka juu ya stuli akamwonyesha.

Huku ndizi zinaiva nikakanda unga wa chapati za kesho. Hewa ya hita inakausha kila kitu, usipofunika donge kwa kitambaa kibichi linapiga ngozi juu na chapati inapasuka, kwa hiyo nakanda kwa maji ya moto na mafuta mengi kidogo kuliko ya nyumbani, nalaza chini ya kitambaa. Nyama ya mbuzi nikaipaka tangawizi na kitunguu swaumu, nikaifunika nikairudisha gereji, safari hii kwenye kuliboksi.

Saa 1 na nusu usiku

Nyama tumetoa, tumechambua mifupa. Sina ule mti wa kupekechea, nimetumia mwiko na nguvu za mume wangu, anaponda mimi namimina supu kidogo kidogo, nikaweka siagi, kitunguu nilichokaanga pembeni, maziwa kidogo, nyama ikarudi. Rangi ilikuwa imefifia kuliko ya mshare, sitasema uongo. Ila ladha ilipanda. Mkubwa kanywa bakuli 2. Mdogo aliweka kijiko mdomoni, akatulia, akauliza kama bibi anao huu sasa hivi.

Saa 3 usiku

Kule saa 12 asubuhi ya Krismasi. Nikapiga video, nilijua mama ameshaamka. Yupo jikoni, moto unawaka nyuma yake, kavaa kitenge kipya nilichomtumia hela akanunua. Watoto wakamwamkia shikamoo bibi wote kwa pamoja, akajibu marahaba mara nyingi nyingi. Nikamweleza habari ya ndizi, gereji, dada Mkisii, akasikiliza yote akasema mshukuru huyo mama, mpelekee bakuli. Nitampelekea kesho kutwa, tuna zamu pamoja.

Halafu akasema niinamishe simu aone sufuria. Nikainamisha. Akasogeza uso wake kwenye kioo mpaka nikaona kipaji tu cha uso na kilemba.

"Mzito," akasema. "Huo umekuwa wa kukata kwa kisu. Ongeza supu."

Nikachukua upawa nikaongeza. Akaangalia.

"Mwingine."

Nikaongeza mwingine.