Ninavyouza fulana za oda kwenye tovuti yangu bila kuweka stoki

Biashara ya fulana hapa Dar inauliwa na saizi. Unachapisha mzigo, M na L zinaisha wiki ya kwanza, unabaki na S na XXXL kwenye begi, na mtaji wako umelala humo humo. Kwa hiyo nilipoamua kuuza fulana zangu za mitaa, michoro ya daladala zenye vibao vya Mbagala, Tandika, Gongo la Mboto na kwingineko, nilijiwekea sharti moja kabla hata ya kutafuta jina la duka: fulana haichapishwi mpaka mwenyewe awe amelipa.

Sharti hilo ndilo lililoamua aina ya uchapaji. Skrini printi, yaani kusukuma wino kupitia wavu, inadumu sana, lakini kila rangi inataka skrini yake, na fundi ana haki ya kukwambia haanzi kazi kwa fulana mbili. Sablimesheni, ambayo wino hugeuzwa mvuke kwa joto, inafaa kwa vikombe na jezi nyeupe za poliesta. Kwenye pamba nyeusi haionekani kabisa. Iliyonifaa ni DTF (direct to film, kuchapa kwenye filamu kwanza), ambayo mafundi wengi wa Kariakoo wanayo siku hizi. Mchoro unachapwa kwanza kwenye filamu, wino mweupe unapita juu ya rangi, unamwagiwa unga wa gundi na kupashwa moto, kisha unahamishiwa kwenye fulana kwa mashine ya pasi. Iwe fulana moja au hamsini, kazi ni ileile.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba filamu ikishachapwa inakaa. Fundi ananitoza kwa mita, nami napanga michoro mingi kwenye mita moja, kila mmoja kwa 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi. Mchoro wa upana wa sentimita 30 unataka pikseli kama 3,500. Picha iliyopitia WhatsApp haifiki hapo hata kwa dawa. Nachukua filamu zangu, nazihifadhi mahali pakavu, na oda ikiingia napiga pasi mwenyewe nyumbani. Printa sina wala siihitaji. Fulana tupu nachukua kwa muuzaji yuleyule kila mara, kwa sababu L ya huyu si L ya yule.

Kwenye pasi nitakaa kidogo, maana hapo ndipo fulana inapopata uhai au inapoharibika. Pamba inavuta unyevu, na hewa ya Dar ina unyevu mwaka mzima. Kabla ya kuweka filamu naipiga fulana pasi kavu sekunde kama tano. Unauona mvuke ukitoka pembeni. Kisha natafuta katikati kwa kukunja fulana mara mbili, naweka filamu vidole vitatu chini ya kola, na kushusha mashine kwa nyuzi joto 150 hadi 160 kwa sekunde 15 hivi. Filamu ninayotumia hubanduliwa ikiwa imepoa, kwa hiyo nasubiri mpaka kiganja hakisikii joto, halafu naivuta polepole kuanzia kona. Baada ya hapo nafunika mchoro kwa karatasi ya kuokea na kupiga tena sekunde chache. Hii pasi ya pili wengi wanairuka, nami naiona ndiyo ya lazima: inazamisha wino kwenye uzi. Bila hiyo kingo zinaanza kunyanyuka fulana ikishafuliwa mara chache.

Tovuti nimeijenga kwa WordPress, na sehemu ya duka kwa WooCommerce. Programu zenyewe ni za bure. Ninacholipia ni jina la tovuti la .co.tz, hosti (mahali tovuti inapokaa mtandaoni) na plagini, yaani programu ya nyongeza, ndogo inayompa mteja nafasi ya kuandika jina analotaka lichapwe. Instagram naitumia kuonyesha kazi, lakini oda sipokei huko. Kwenye inbox mtu anauliza bei, unamjibu, anapotea, anarudi kesho kuuliza rangi, na saizi hujaijua bado. Tovuti haimruhusu kufika kwenye malipo kabla hajachagua saizi na rangi na kuandika mkoa na namba ya simu. Chini ya kila fulana kuna vipimo nilivyopima mwenyewe, fulana ikiwa imelazwa mezani: upana wa kifua na urefu, kwa sentimita. Namwambia mteja apime fulana anayoipenda pale kwake, alinganishe. Tangu hapo maswali ya saizi yamepungua mno.

Malipo yanapitia Pesapal, kampuni ya malipo ya mtandaoni, kwa mitandao ya simu au kadi, na oda inabadilika yenyewe kuwa imelipwa. Picha ya muamala siipokei kama uthibitisho, hata kwa ndugu, maana siku hizi zinatengenezwa.

Kilichokuza duka ni oda za vikundi. Mama mmoja wa kikoba cha Ukonga alinipigia akitaka sare za sherehe yao. Baada ya shikamoo akanieleza shida yake: “Mwanangu, fulana nazitaka, ila hela za watu sishiki tena. Mwaka jana nilidaiwa mpaka na wasiotoa.” Nikamtengenezea ukurasa wa kikundi chao, akautuma kwenye grupu. Kila mwanachama akaingia, akachagua saizi yake, akaandika jina, akalipa mwenyewe. Yeye akabaki kuangalia nani bado. Sasa hivi mahafali, kipaimara, send-off na mikutano ya ukoo vyote nafanya kwa mtindo huo, na tarehe ya kufunga oda inaandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa.

Wapo wanaotaka nembo ya Simba au Yanga. Hao nawakatalia kwa heshima. Nembo zina wenyewe, nami pia nisingependa kukuta daladala zangu kifuani mwa fulana ya mtu mwingine.

Watanzania walioko Marekani na Ulaya nilikuwa nawapoteza, kwa kuwa nauli ya kutuma fulana moja inakaribia bei ya fulana yenyewe. Kwao nimeunganisha tovuti na Printful, kampuni ya nje inayochapa fulana kwa oda: oda ikiingia, inachapwa huko huko na kutumwa moja kwa moja kwa mteja. Wao wananikata gharama yao kwa dola na mimi nabaki na tofauti. Faida kwa fulana ni ndogo kuliko ya hapa. Kabla ya kuiweka sokoni niliagiza moja ifike kwa binamu yangu aliyeko huko, aifue, anipigie picha. Rangi ilikaa vizuri, nikaridhika.

Mizigo ya mikoani inaondoka na mabasi, ya hapa mjini na bodaboda. Naifunga kwenye bahasha ya kaki, na ndani naweka karatasi fupi: usifue kabla ya saa 24, geuza ndani nje, usipige pasi juu ya mchoro. Fulana yenye jina la mtu siipokei ikirudishwa, na hilo limeandikwa wazi kabla ya kitufe cha kulipa. Ila mchoro ukibanduka kwa kazi yangu, napiga nyingine na nauli ya kuituma ni juu yangu.