Moshi wa Novemba, Talwandi Sabo

Saa kumi jioni jua la hapa unalitazama moja kwa moja bila kukunja uso. Limekuwa hivyo tangu mwishoni mwa Oktoba, mpunga ulipoanza kuisha mashambani na mabua yake kuchomwa moto. Nguo nilizoanika juu ya paa nimezianua zina vijinyuzi vyeusi vya majivu; ukivigusa vinasagika na kuacha mstari. Mama mwenye nyumba ameacha kabisa kuanika nje. Mjukuu wake ana pumu, na siku hizi analala ameegemezwa mito, karibu ameketi.

Talwandi Sabo ni mji mdogo wa jimbo la Punjab, India, wilaya ya Bathinda, mtakatifu kwa Wasikh, na ukitoka kidogo tu uko shambani. Misimu ya hapa naijua kwa pua. Mei ni vumbi na makapi ya ngano. Julai na Agosti mvua za monsuni zinasafisha anga, unasikia harufu ya tope la majaruba. Januari ni ukungu mzito. Majuma haya ya Novemba ndiyo ninayoyaogopa.

Jana nilipita shamba la jirani wakati wanachoma. Kombaini inakata masuke juu juu, inaacha mabua yamesimama na majani makavu yamelala mistari mistari. Kijana mmoja alichota fungu la majani kwa uma wa mti, akaliwasha, akatembea ukingoni akiligusisha hapa na pale. Punde upande mzima ukawa unatatarika, na yangeyange wakashuka kudaka panzi waliokuwa wanakimbia moto. Moshi ulipanda hadi usawa wa miti, ukajilaza, ukaelekea mjini. Msimu huu hewa ya chini inapoa upesi jioni, ya juu inabaki na joto, na upepo ni hafifu, kwa hiyo moshi unakosa pa kutokea.

Baba wa kijana alikuwa juu ya trekta, amejifunga kitambaa puani. Nikamuuliza kwa Kihindi changu cha kuungaunga, "Mzee, moshi huu haukuumizi?"

"Puttar," yaani mwanangu, "unaniumiza mimi kabla haujafika Delhi," akasema. "Lakini ngano ikichelewa, watoto watakula nini?"

Tangu hapo nasoma lawama za kila Novemba kwa uchungu. Delhi ikifunikwa, anayetajwa kwanza ni mkulima wa Punjab na kiberiti chake, kana kwamba yeye hana mapafu. Tena Delhi ina moshi wake mwingi wa magari, viwanda na ujenzi.

Mpunga wenyewe si chakula chao cha asili. Mpunjabi ni mtu wa chapati. Ulienea kwa Mapinduzi ya Kijani, ile kampeni ya mbegu mpya na mbolea, serikali ikaahidi kuununua kwa bei iliyotangazwa, na baadaye wakulima wakapewa umeme wa pampu bure. Ukanda huu wetu ulikuwa wa pamba. Mwaka 2015 nzi weupe wakaiangamiza, na huwezi kumlaumu mkulima aliyeumia vile kwa kukimbilia zao lenye mnunuzi wa uhakika.

Pampu nazo zikashusha maji ya ardhini, ndipo ikaja sheria ya 2009 inayozuia kupandikiza mpunga kabla ya Juni. Kwa maji ni sheria nzuri. Ila mavuno yamesogea hadi mwisho wa Oktoba, wakati ngano inatakiwa iwe ardhini kufikia katikati ya Novemba. Katikati hapo mkulima ana wiki mbili, tatu akibahatika. Kwetu Shinyanga mabua ya mpunga tungewaachia ng'ombe. Hapa ng'ombe wanalishwa majani ya ngano, na haya ya mpunga, yenye silika nyingi, ile madini ngumu ya mchanga, hayapendwi.

Mashine ya kupanda ngano katikati ya mabua, Happy Seeder, ipo, na tangu 2018 serikali inatoa ruzuku ya nusu ya bei, au asilimia 80 kwa vikundi. Lakini inataka trekta lenye nguvu, na kila mtu anaihitaji wiki ile ile. Faini nazo zimeongezwa maradufu Novemba 2024: rupia 5,000 kwa mwenye chini ya ekari mbili, 30,000 kwa mwenye zaidi ya tano. Mimi ningeanza kwa kumlipa mkulima kila ekari asiyoichoma, pesa imfikie kabla ya mavuno, akakodi mashine mapema.

Shirika la Afya Duniani linataka chembe laini za hewani zisizidi mikrogramu 15 kwa mita ya ujazo kwa siku. India yenyewe imejiwekea 60, na Novemba hata hiyo inapitwa mbali. Ningependa tarakimu hizo zipimwe shuleni anakosoma mjukuu, na zisomwe kwa sauti ile ile ya Delhi.

Kesho mama mwenye nyumba anampeleka mtoto Himachal, milimani kwa shangazi yake, akae huko hadi ngano iote. Wao wana ndugu huko. Watoto wa vibarua waliokuwa wanaokota masalio shambani jana watabaki hapa hapa.