Jumamosi ya klabu ya vijana CTC (kliniki ya huduma na matibabu ya VVU), saa kwa saa

Saa 1:00 asubuhi. Ukungu wa Mufindi, mkoani Iringa, bado umelala juu ya mashamba ya chai. Mwelimishaji rika wa zamu anakaa na muuguzi kuchambua mafaili ya CTC 2 (kumbukumbu za matibabu ya kila mmoja) ya waliopangiwa leo. Wenye zamu ya kupima wingi wa virusi, kila miezi 6 kwa umri huu, wanawekewa alama. Gari la sampuli lisipopita Jumamosi, tunatumia matone ya damu kwenye karatasi. Yanahitaji saa 4 au zaidi kukauka hewani, mbali na jua na jiko, na kwa unyevu wa huku ni heri kuyaacha hadi kesho yake. Karatasi ikifungwa mbichi, maabara inaikataa na kijana anachomwa upya.

Saa 2:00. Mapokezi yako mikononi mwa vijana wenyewe. Kadi, uzito, maswali manne ya kifua kikuu: kikohozi, homa, kupungua uzito, jasho la usiku. Mizani isipuuzwe, maana aliyefikisha kilo 30 anaweza kuhamia TLD, kidonge kimoja kwa siku chenye tenofovir, lamivudine na dolutegravir.

Kwa nini Jumamosi? Waliipendekeza wanafunzi. Siku ya shule lazima uombe ruhusa, na ukiomba ruhusa kila mara utaulizwa unaumwa nini. Ndiyo maana ratiba ya vijana isipangwe na watu wazima peke yao.

Saa 3:00. Makundi yanatenganishwa: miaka 10 hadi 14 huku, 15 hadi 19 kule. Kabla ya hapo muuguzi anahakikisha nani hajaambiwa hali yake. Huyo haingii chumba kinachotaja VVU kwa jina. Ana kikao chake na mlezi. Kosa hili likitokea, mtoto anagundua mbele ya wenzake kwamba amefichwa miaka yote, na wengine huacha dawa kwa hasira.

Saa 4:00. Mjadala wa dozi, unaoongozwa na kijana anayemeza dawa mwenyewe. Swali si "umemeza?" kwa sababu wote watajibu ndiyo. Swali ni "wiki hii dozi gani ilikuwa ngumu?" Hapo ndipo mambo yanatoka. Bweni halina kabati lenye kufuli. Vidonge vinalia ndani ya kopo wenzake wakiwa kimya. Shangazi amekuja kulala, na kopo liko chumba alicholala.

Majibu nayo yanatoka kwao. Pamba safi juu ya vidonge inanyamazisha kopo, lakini kifuko cha kukausha unyevu kibaki humo. Ukihamishia dawa kwenye mfuko wa plastiki, zinalowa. Dozi ifungwe kwenye jambo la kila siku, kama taarifa ya habari ya saa 2 usiku. Ukisahau, meza ukikumbuka, ila kama zimebaki chini ya saa 4 kufikia dozi inayofuata, subiri hiyo. Usimeze mbili pamoja. Wasichana wanaopewa vidonge vya kuongeza damu shuleni wavimeze pamoja na TLD wakati wa chakula. Bila chakula, TLD itangulie kwa saa 2, au ifuate baada ya saa 6, kwani madini ya chuma huzuia dolutegravir kufyonzwa.

Saa 6:00 mchana. Ushauri wa mmoja mmoja kwa wenye virusi zaidi ya 1,000 katika mililita moja ya damu. Vikao 3, kimoja kila mwezi, kisha kipimo kinarudiwa. Kijana rika anaingia pale tu mwenzake anapokubali.

Saa 7:30. Walezi. Wanakumbushwa pia kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2019, mwenye miaka 15 anaweza kupima bila ridhaa ya mzazi.

Saa 9:00 alasiri. Simu kwa wasiofika. Hatutaji kliniki wala dawa mpaka mwenyewe ajitambulishe kwa neno mlilokubaliana, maana simu za huku hushikwa na kaka, mama au jirani. Ujumbe wa maandishi ni "Kikao chetu ni lini tena?" basi. Wengi wanakosa nauli, hasa wa vijiji vya msituni wakati wa mvua. Anayestahili apewe dawa za miezi 3.

Saa 10:30 jioni. Kikao cha kazi. Vijana wanakaa meza moja na muuguzi na mfamasia, na posho yao inasainiwa kama ya mfanyakazi mwingine. Kumwita kijana acheze ngoma Siku ya UKIMWI si kumshirikisha. Utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulikuta maambukizi ya watu wazima Njombe asilimia 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati taifa zima ni 4.4. Mikoa hii inawahitaji vijana zinapoamuliwa saa za kliniki, chumba na maneno ya kutumia. Leo wameomba dirisha la dawa la vijana lihamishwe kutoka mbele ya benchi la wagonjwa wa nje, ambako kila anayepita anawaona. Mfamasia amekubali chumba cha nyuma, kuanzia klabu ijayo.