Kitabu pepe kisomeke hata kwenye simu ya Tandahimba

Mtwara, Novemba

Minada ya korosho imeshaanza, na kwa mwandishi anayejichapishia vitabu huku kusini huu ndio msimu wa kuuza. Mkulima aliyeingiziwa malipo ya mzigo wa kwanza haoni tabu kutoa shilingi 3,000 au 5,000 kwa simu apate hadithi ya kusoma usiku. Ninayowaza leo ni yale yanayomkuta akishalipa, maana hapo ndipo vitabu vyetu vingi vinapomwangusha.

Anatumiwa PDF ya A4. Karatasi ya A4 ina upana wa milimita 210, kioo cha simu yake kina kama 70. Ukurasa mzima ukibanwa humo, herufi ya pointi 12 inabaki na ukubwa wa pointi 4. Anaikuza kwa vidole viwili. Herufi zinaonekana, lakini sasa mstari umetoka nje ya kioo, kwa hiyo kila mstari lazima ausukume kushoto, kisha aurudishe kulia kuanza unaofuata. Akifanya hivyo kurasa tatu anaifunga, na sisi tunabaki kulalamika kuwa Watanzania hawasomi. Mimi lawama hiyo siikubali. Tumempa kitu kisichosomeka.

Faili linalofaa ni EPUB. Kwa ndani ni furushi la zip lenye sura zilizoandikwa kwa lugha ileile inayojenga kurasa za wavuti, pamoja na orodha ya yaliyomo na taarifa za kitabu. Ndiyo maana maandishi hujipanga upya kulingana na kioo: msomaji akikuza herufi, mistari inajikunja yenyewe na hakuna kinachotoka nje. Programu kama ReadEra inalifungua bure, bila kufungua akaunti. Riwaya ya maneno 50,000 isiyo na picha kwa kawaida haifiki hata MB 1, wakati kitabu cha kurasa 200 kilichoskaniwa kuwa PDF kinaweza kupita MB 50. Kwa mtu anayenunua bando la siku, tofauti hiyo ni pesa.

Na kikishashuka, hakidai mtandao tena. Mei 2024 ilitufundisha hilo kwa nguvu: mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara ya kwenda Dar es Salaam pale Somanga, na siku chache baadaye nyaya za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikapata hitilafu na intaneti ikazorota nchi nzima. Vitabu vya karatasi visingefika, vya kusomea mtandaoni visingefunguka. Kilichokwishapakuliwa kwenye simu kiliendelea kusomeka.

Kazi yenyewe huanza kuharibika steshenari, wakati wa kuchapa. Mchapaji anasogeza kichwa cha sura katikati kwa kugonga nafasi mara ishirini, anaanza aya kwa nafasi tano, anafika ukurasa mpya kwa kugonga Enter mpaka karatasi iishe. Kwenye karatasi huoni kasoro. Ukiligeuza faili hilo kuwa EPUB, zile Enter zinakuwa kioo kitupu ambacho msomaji anakipita akidhani kitabu kimekwisha, na kichwa cha sura kinakaa popote. Fungua faili kwenye LibreOffice Writer, programu ya bure ya kuandikia, bonyeza Ctrl na F10 pamoja, alama zote zilizofichika zitajitokeza. Ondoa nafasi na Enter za ziada kwa kutafuta na kubadilisha. Kila kichwa cha sura kipe mtindo wa Heading 1, aya za kawaida ziache kwenye mtindo mmoja, na ujongezaji wa mwanzo wa aya uuweke ndani ya mtindo huo. Usafi huu unaweza kula siku nzima kwa riwaya moja, na ndio unaoamua kila kitu. Baada yake, kuhamisha faili kuwa EPUB ni dakika chache: kwenye dirisha la kuhamishia chagua sura zigawanywe kwa vichwa, weka picha ya jalada, jaza jina la kitabu, la mwandishi, na lugha.

Hapo kwenye lugha watu hupapita mbio. Alama ya Kiswahili ni sw. Ukiacha en, programu za kusomea zitadhani kitabu ni cha Kiingereza: zitakata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza, hata nyumba ikatwe nyum-ba badala ya nyu-mba, na anayesikilizishwa kitabu kwa sauti ya simu atasomewa kwa matamshi ya Kizungu. Kwa wasioona vizuri hilo ni kosa kubwa. Lipo jingine: vitenzi vyetu ni virefu. Neno kama hawatatusikiliza linakula karibu nusu ya mstari wa simu, na ukilazimisha pande zote mbili za maandishi zinyooke, mapengo yanafunguka kati ya neno na neno. Nyoosha upande wa kushoto tu. Watu wa vitabu vya karatasi wataona ni uvivu, lakini kwenye kioo chembamba ndivyo kunavyosomeka.

Ushairi unadai uangalifu zaidi, na ndio unaoharibiwa kuliko vyote. Chukua mshororo wa mizani 16:

Mabibo yameshaiva, shambani twende mapema

Una herufi, alama na nafasi 41. Simu yenye herufi za kusomeka bila kukaza macho inabeba kama 35 kwa mstari. Kwa hiyo neno mapema linadondoka chini peke yake, kina cha mwisho kinapotea machoni, na ubeti wa mishororo minne unaonekana mistari minane isiyo na mpango. Dawa ninayoipenda ni kuukata mwenyewe palipo na pumziko, ukwapi (nusu ya kwanza) juu na utao (nusu ya pili) chini yake ukiwa umesogezwa ndani kidogo. Kina cha kati na cha mwisho vyote vinabaki mwishoni mwa mistari, jicho linaviona. Kama hutaki kukata, tumia mjongeo wa kuning'inia: kwa Sigil au kihariri cha Calibre, programu za kuhariri EPUB, mpe kila mshororo, kwenye maelekezo ya mwonekano (CSS), padding-left ya 2em na text-indent ya -2em, ili kinachomwagika kijulikane ni mwendelezo. Ubeti wote upe page-break-inside: avoid usigawanyike kati ya kurasa mbili. Usiuweke ubeti kama picha. Picha haikuzwi herufi, haitafutiki, na simu haiwezi kuusoma kwa sauti.

Picha za kweli, kama za vinyago au za mitaa ya Mikindani, zipunguze hadi upana wa pikseli 1,200 kabla ya kuziingiza. Ya simu ikiingia kama ilivyo ni MB 3 au zaidi kila moja.

Kisha pitisha faili kwenye EPUBCheck, programu inayokagua makosa ya EPUB, na ulifungue kwenye simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuazima, na kwenye kishikwambi pia. Walimu waligawiwa vile vya sensa ya mwaka 2022, na ni wasomaji wazuri. Gusa kila sura kwenye yaliyomo. Kuza herufi mpaka mwisho. Washa hali ya giza (dark mode), ile ya maandishi meupe juu ya kioo cheusi. Maandishi uliyoyapa rangi nyeusi kwa mkono yatamezwa na giza.

ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, na EPUB huhitaji namba yake, tofauti na ya toleo la karatasi. Amazon inampa mwandishi asilimia 70 kwa bei ya dola 2.99 hadi 9.99, tena kwa mauzo ya nchi zilizo kwenye orodha yake. Nje ya hapo ni 35. Kwa kuwa hatuna mkataba wa kodi na Marekani, mauzo ya kule hukatwa asilimia 30. Ukitaka kukiweka kitabu huko kwa ajili ya walio ughaibuni, hakiki kwanza kama Amazon inapokea vitabu pepe vya Kiswahili. Msomaji wa Nachingwea hana kadi ya benki ya kununulia mtandaoni, ana namba ya simu: analipa, unamtumia faili kwa WhatsApp kama hati.

Atalisambaza? Wapo watakaosambaza. Kuandika jina la mnunuzi kwenye ukurasa wa pili wa nakala yake kunapunguza, wala hakumsumbui aliyelipa. Na andika tarehe ya toleo ukurasa huohuo, utunze orodha ya walionunua: ukigundua kosa sura ya saba, unalisahihisha leo, na kila mmoja wao unamtumia faili jipya bila kumdai kitu.